Herode wa Ruring'u

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu ni tamu mdomoni. Anapewa jina la mtu. Mvulana wa kwanza ni babu yake mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa upande wa nyanya zao. Ukishampa hilo jina, basi yeye ndiye huyo mtu. Mama yangu alikuwa akimkemea mjukuu wa miaka mitano kwa kukojoa kitandani, na papo hapo anamwita "mzee wangu," kwa kuwa mtoto alikuwa na jina la baba yangu. Mgeni angedhani tumerukwa na akili. Lakini asiyejua desturi hii hataelewa jinsi mchezo wa Krismasi wa mwaka wa 1972 ulivyotaka kuisambaratisha familia yetu, wala jinsi mwanangu alivyotushindia siku ile akiwa amepakwa masharubu ya makaa.

Mimi ni Monicah, fundi wa cherehani, binti wa pekee wa Mzee Wahome, seremala wa Ruring'u, na mkewe Warigia. Kaka zangu ni wawili, Ndungu na Kingori. Mama alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani. Mkutano ukitaka kuanza, aliketi, akafunga upya kitambaa chake cheupe ingawa hakikuwa kimelegea, akakohoa mara moja, akawatazama watu juu ya miwani, na kelele zikaisha zenyewe. Wanaume wenye magari walikuwa wakimwogopa. Hata mimi nilimwogopa, ila mimi nina mdomo, kwa hiyo haikuonekana.

Nilimzaa binti yangu bila mume. Nimeshasema, tuendelee. Desturi haikuniacha bila njia: msichana wa kwanza wa mama ambaye hajaolewa hupewa jina la nyanya yake mzaa mama. Basi nikamwita Warigia. Mama hakuja kumwona. Alituma neno kwamba jina lake halijamwagwa barabarani hata kila mpita njia aliokote.

Miaka tisa ikapita hivyo. Nyumbani kwake mwanangu aliitwa "mtoto wa Monicah." Mpe mtoto wa Monicah chai. Mwambie mtoto wa Monicah afunge mlango. Ndungu alikuwa na Warigia wake, Kingori naye alikuwa na wake, na hao wawili Mama aliwaita "mimi mdogo." Aliwanyooshea mkono na kusema, "Mimi mdogo, njoo nikusuke." Wangu alikuwa amesimama papo hapo na nywele zake kichwani. Nilikuwa na haja moja tu kwa mama yangu, na sikuwa nayo kwa upole: nilitaka amwite mtoto wangu kwa jina lake. Hata mara moja ingenitosha.

Sasa, kanisani kwetu kila Krismasi familia moja kubwa ilipewa zamu ya kuwachezesha watoto wake habari za kuzaliwa kwa Yesu, baada ya ibada na kabla ya watu kwenda kula. Mwaka uliotangulia ilikuwa familia ya Mutahi, nao walileta kondoo halisi, akala maua ya madhabahuni, na watu waliyazungumza hayo mpaka Pasaka. Zamu ilipotufikia, Mama alisema sisi tutawashinda kwa nyimbo. Mchezo wote uimbwe, kuanzia malaika hadi kufa kwa Herode. Wake za kaka zangu wakatazama sakafu. Nikabaki mimi, kwa kuwa nilikuwa na mazoea ya kuwatungia watu nyimbo za harusi huku nikishona. Kingori naye alikuwa na kile kinanda cha kukunja na kukunjua, cha kuchezea mwomboko, dansi yetu ya wawili wawili.

Nyimbo hazikunipa taabu. Kugawa sehemu ndiko kulikotaka kuniua.

Nilianza na Mariamu. Mama akasema Mariamu ni Warigia wa Ndungu. Kingori akauliza wake ana kasoro gani. Mama akafikiri, akaona kwamba kwa kweli hawezi kujichagua yeye mwenyewe dhidi ya yeye mwenyewe, akaamua kutakuwa na Mariamu wawili: Mariamu wa kwenda Bethlehemu na Mariamu wa kurudi kutoka Misri. Sikubisha. Niliona hilo ni dogo.

Kisha nikamweka Gicheru, mvulana wa pili wa Ndungu, awe punda. Alikuwa na miaka sita, mgongo mpana, na alipenda kutambaa. Jumamosi iliyofuata tukaona mzee mwenye kofia na fimbo anaingia uani. Alikuwa Mzee Gicheru mwenyewe, baba mkwe wa Ndungu, ametoka Kerugoya asubuhi na mapema. Mkwe akija bila kuitwa, nyumba nzima inatetemeka. Akapewa kiti kizuri, akapewa chai, akapewa nyama. Akaulizia mvua. Akaulizia kahawa. Akamsifu baba yangu kwa meza mpya. Jua lilipoanza kuinama, akaifuta midomo yake, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Nimesikia nimekuwa punda."

Ndungu akaweka kikombe chake chini.

"Watu wanasema huko Kerugoya," akaendelea, "ati mimi nitapandwa na mtu mbele ya kanisa. Nikasema hapana, hao ni wakwe wangu, niliwapa msichana. Hawawezi. Lakini nikasema wacha nikuje niulize."

Baba yangu, ambaye kwa kawaida husema maneno machache kama mtu anayeyanunua, aliruka kutoka kitini. "Mkwe, huyo aliyekuambia ni mwongo! Wewe ni mfalme! Wewe ndiye unaleta dhahabu!" Akanigeukia macho yamemtoka. "Si ni hivyo, Monicah?"

"Ni dhahabu," nikasema. Ningesema nini?

Mzee Gicheru akarudi kwao akiwa mfalme, na kabla wiki haijaisha habari zilikuwa zimefika Mwea, kwa baba mkwe wa Kingori, Mzee Theuri, mkulima wa mpunga. Yeye alikuwa mchungaji wa kondoo. Hakuja mwenyewe. Alituma gunia la mchele na swali moja: kwa nini mkwe mmoja ni mfalme na mwingine analala nje na mifugo? Mchele ulikuwa mzuri sana. Akawa mfalme. Wahome wa Kingori alikuwa mfalme tangu mwanzo, kwa heshima ya baba yangu, na bado kulikuwa na Kahiga, mwenye jina la ndugu yake baba. Huyo ukimwacha peke yake na kondoo, mzee wake angeacha kutusalimia. Tukawa na wafalme wanne na hakuna mchungaji hata mmoja. Nilikwenda kumwuliza kasisi wetu kama hiyo ni dhambi. Akafungua Biblia, akatafuta kwa kidole, akasema haikuandikwa walikuwa wangapi, tuendelee.

Mwenye nyumba ya wageni, yule anayewafukuza Yusufu na mkewe, hakupatikana kabisa. Mzee gani atakubali kuonekana akimnyima mgeni pa kulala? Nikafuta sehemu yake. Yusufu abishe hodi, kisha aimbe peke yake kwamba mwenye nyumba hayuko, amekwenda sokoni Karatina. Na Mariamu badala ya punda apande baiskeli ya Kingori. Baiskeli haikuwa na jina la mzee yeyote.

Akabaki Herode.

Tulikuwa sote sebuleni kwa Mama siku hiyo, watu wazima kwenye viti na watoto chini. Nilipotamka jina hilo, kila mzazi alimvuta mtoto wake karibu na magoti yake, kana kwamba Herode mwenyewe alikuwa mlangoni. Muuaji wa watoto! Nani atamvika baba yake dhambi kama hiyo, tena siku ya Krismasi? Ndungu akasema, "Toa huyo Herode." Nikamwambia nimeshatoa punda, nimetoa wachungaji, nimetoa mwenye nyumba, nikimtoa na Herode basi Mariamu anakimbilia Misri kutoroka nini, mvua?

Mama akafunga upya kitambaa chake.

"Mbona mnasumbuka?" akasema. "Mpeni mtoto wa Monicah. Huyo hana jina ya mtu."

Alilisema kama mtu anayeonyesha mahali pa kuweka sufuria. Nilifungua mdomo wangu, na wote waliokuwa pale wanajua nini hutoka ndani yake, lakini mwanangu alinitangulia. Alikuwa amekaa karibu na mlango, ndipo alipozoea kukaa.

"Cucu," akamwita nyanya yake, "Herode ako na kiti?"

Mama akashangaa kuulizwa. "Ako nacho. Si ni mfalme."

"Na akisema kitu, watu wanafanya?"

"Wanafanya mbio."

"Basi mimi nataka," akasema, na akatabasamu, meno ya mbele yakiwa hayajaota yote.

Njiani kwenda nyumbani nilimwambia kwamba hatulazimiki, kwamba naweza kuwaachia nyimbo zao wakazile. Akaniuliza kama nimesahau kwamba Herode ana nyimbo mbili na wengine wote wana mmoja mmoja. Sikuwa nimesahau. Ni mimi niliyezitunga.

Tulifanya mazoezi Jumamosi zote za mwezi wa kumi na moja, uani kwa Baba, kati ya mbao. Kingori alipiga kinanda. Ndungu alipiga karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti. Kupiga mwomboko kanisani kungezua maneno, kwa hiyo Kingori aliupiga polepole mpaka ukavaa koti la wimbo wa kanisa, na ni magoti ya watu tu yaliyojua ukweli. Wafalme wanne waligombana nani atangulie. Mariamu wa kwenda na Mariamu wa kurudi hawakuwa wakisemezana. Malaika, mtoto wa miaka minne, aliimba vizuri mpaka afike kwenye neno "msiogope," hapo akaogopa.

Na Warigia wangu akakaa kwenye kiti chake cha enzi, ambacho Baba alikuwa amekitengeneza kwa mabaki ya kabati, na mwanzoni alikuwa Herode wa kawaida tu, anayepiga kelele. Mazoezi yakiisha, Mama alikuwa akifanya mkutano wake wa akina mama mle ndani, na mwanangu alikuwa akiketi nje chini ya dirisha. Nilidhani anangoja chai. Jumamosi ya tatu alikaa kwenye kile kiti, akashika kitambaa cha kilemba chake, akakifunga upya ingawa hakikuwa kimelegea. Akakohoa mara moja. Akaangalia wafalme wanne juu ya miwani ambayo haikuwapo. Wafalme wakanyamaza.

Kingori aliacha kupiga kinanda. Akanitazama, nami nikamtazama.

"Monicah," akaninong'oneza, "mkataze."

Ningeweza kumkataza. Nilifikiria miaka tisa ya mtoto wa Monicah hiki, mtoto wa Monicah kile. Jumatatu nilienda mjini nikamnunulia miwani ya waya isiyo na vioo.

Krismasi ilikuja na jua safi, na mlima ulionekana wote, mweupe juu, mpaka watu waliokuwa wakiingia kanisani wakawa wanauonyeshana kama mgeni aliyehudhuria. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Mzee Gicheru alikuwa mbele na kofia yake magotini. Mzee Theuri alikuwa amekuja kutoka Mwea na shati jipya. Mama alikaa kiti cha katikati, safu ya kwanza, na wanawake wake wa vitambaa vyeupe nyuma yake.

Mama alikuwa ameamuru kwamba kabla ya mchezo kila mtoto ajitokeze na kutaja yeye ni nani. Basi wakatoka mmoja mmoja. "Mimi ni Wahome," na baba yangu akasimama akainua mkono, watu wakapiga makofi. "Mimi ni Gicheru," na Mzee Gicheru akasimama mpaka tukahofia hatakaa tena. Warigia wa Ndungu. Warigia wa Kingori. Mara mbili Mama alisimama, mara mbili akapigiwa makofi. Kisha akaketi akatengeneza sketi yake, na Kingori akaanza kupiga kinanda. Herode hakuitwa. Herode alikuwa nyuma ya pazia pamoja nami, na masharubu yake, akisikiliza. Nilimshika bega. Sijawahi kumchukia mtu nimpendaye kama nilivyomchukia mama yangu dakika ile.

"Maitu," mtoto akaniambia, "utanichafua masharubu."

Mchezo ukaenda vizuri kuliko tulivyostahili. Malaika alifika kwenye "msiogope," akatoroka hadi kwa mama yake, akaumalizia wimbo akiwa mapajani huko, na watu wakalia kwa kucheka. Mariamu wa kwenda aliingia kwa baiskeli huku Yusufu akiisukuma, kengele ikilia. Yusufu alipoimba kwamba mwenye nyumba amekwenda Karatina, mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Siku ya Krismasi? Karatina anauza nini?" na kanisa likaanguka kwa kicheko. Hata kasisi alikuwa ameshika mbavu. Mtoto akazaliwa. Wafalme wanne wakaingia wote kwa pamoja kwenye mlango wa mtu mmoja.

Ndipo nikavuta pazia, Herode akaonekana.

Alitembea hadi kwenye kiti kile kwa mwendo ambao Ruring'u nzima inaujua, mwendo wa mtu anayekwenda kukagua vyombo vya wenzake. Akaketi. Akafunga upya kilemba. Akakohoa mara moja. Akashusha miwani hadi nchani mwa pua na kulitazama kanisa juu yake, safu kwa safu, na naapa watu walikaa wima.

"Nani amesema kuna mfalme mwingine?" akauliza. "Asimame tumuone."

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa vitambaa vyeupe. Kilianza chini chini, kama maji yanayotaka kuchemka, kwa sababu walijaribu kukizuia, maskini, walikuwa wameziba midomo kwa vitabu vya nyimbo. Herode akaanza kuimba:

*Mimi ndimi mfalme, kiti hiki ni changu,*
*Hakuna wa kuzaliwa pasipo amri yangu!*
*Mtoto gani huyo, aingia bila kugonga?*
*Nileteeni miwani, nimwone anayeringa!*

Wafalme wanne wakaitikia:

*Pole mfalme, pole, tumetoka nchi mbali,*
*Nyota imetufikisha, sasa tupe na ugali!*

Kufikia hapo hakuna aliyejizuia tena. Watu walikuwa wakipigana migongo. Herode akagonga mkono wa kiti kwa fundo la kidole, akamwonyesha mfalme wa tatu kwa kidevu, akamwuliza kwa nini dhahabu yake imefungwa katika karatasi iliyokunjamana, kwao hakuna pasi? Na aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Mama. Alikuwa amevua miwani, anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Huyu mtoto!" akasema kwa sauti iliyotufikia sisi sote. "Amefanana na nani huyu?"

Baba alikuwa ameketi kando yake. Nimekwambia yeye husema maneno kama anayanunua.

"Na wewe," akasema.

Kicheko kilikatika safu ya kwanza, kisha ya pili, kikarudi nyuma hivyo hivyo hadi mlangoni. Mama akavaa miwani yake. Akamtazama Herode juu yake. Herode naye, kwenye kiti cha enzi, akamtazama Mama juu ya miwani ya waya. Walikuwa na kidevu kimoja, paji moja, na hasira moja. Kanisa zima liliona. Nilijua kwamba Mama akisimama na kutoka nje sasa, na wanawake wake wakamfuata, basi mtoto wangu hatakanyaga tena pale, na hilo jina litakuwa limekwisha kabisa.

Hakutoka. Hakucheka pia. Akaweka mikono magotini.

Kingori, nadhani kwa woga tu, akaanza wimbo wa mwisho wa Herode. Mariamu wa kurudi alikuwa ameshapanda baiskeli nyuma akingoja, kwani maandiko yanasema asirudi mpaka Herode afe. Warigia wangu akaimba kwamba tumbo linamkata, kichwa kinamzunguka, dunia imemchoka. Akasimama juu ya kiti. Akashika kifua. Akayumba kulia wafalme wakainama kulia, akayumba kushoto wakainama kushoto, kisha akaanguka chini kwa kishindo ambacho hatukuwa tumekifanyia mazoezi, miguu juu, kilemba kikiviringika hadi kwenye safu ya kwanza. Akalala kimya. Kinanda kikanyamaza. Alikuwa amekufa vizuri mno, hata mimi moyo ulinishtuka.

"Inuka!"

Mama alikuwa amesimama.

"Inuka hapo chini! Warigia! Inuka!"

Mariamu wote wawili waligeuka kumtazama. Hakuwa akiwaangalia. Alikuwa ameshapanda ngazi ya madhabahu, mkono mmoja umeshika sketi, amesimama juu ya mwanangu.

Mwanangu akafungua jicho moja. "Cucu, Herode lazima akufe. Iko kwa Biblia."

"Herode akufe akitaka," Mama akasema. "Warigia hakufi. Mimi siwezi lala kwa sakafu nimekufa mbele ya kanisa mzima na niko mzima. Inuka, Warigia, unachafua nguo."

Nilishika pazia. Siku hiyo nilishika pazia mpaka pete zake mbili zikang'oka ukutani, na mpaka leo sioni aibu. Alikuwa amelisema mara tatu. Nilitaka mara moja, akanipa tatu, tena kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, mbele ya wakwe kutoka Kerugoya na Mwea, mbele ya familia ya Mutahi na kila mtu aliyewahi kuninyooshea kidole sokoni.

Mtoto akainuka, anajipangusa. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. "Sasa," akauliza, "kama sijakufa, Mariamu atarudi namna gani kutoka Misri?"

Mama akafikiri. Akaangalia kasisi. Kasisi akaangalia Biblia yake, akaifunga taratibu, akaiweka kando.

"Herode ameokoka," Mama akatangaza.

"Ameokoka?"

"Leo. Sasa hivi. Ameacha ubaya wake wote. Kingori! Piga hiyo kitu, na usipige kama mtu mgonjwa!"

Kingori hakungoja kuambiwa tena. Kinanda kilivua koti lake la kanisa, karing'aring'a ikadakia, na mwomboko ukatoka jinsi ulivyo, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama. Mariamu wa kurudi akaingia kwa baiskeli mbio mbio, Herode akamkimbilia akampokea mtoto mchanga, akamwinua juu ya kichwa chake chenye masharubu yaliyofutika nusu. Wafalme wanne wakashikana mikono. Mzee Gicheru akatupa kofia. Mzee Theuri akamshika Mzee Gicheru kiunoni na wakwe wawili wakaenda hatua mbili na kuinama katikati ya viti, na baba yangu nyuma yao akipiga makofi kwa mikono ya useremala iliyolia kuliko kinanda.

Mama hakucheza. Alimfuata Warigia aliko, akamshika mkono, akamleta mbele mpaka ukingo wa ngazi. Akakohoa mara moja. Kinanda kikanyamaza, watu wakanyamaza, wakwe wakasimama walipokuwa.

"Huyu hakuitwa mwanzo," akasema. "Ni mimi nilikataza." Akamgeukia. "Sema wewe ni nani."

"Mimi ni Warigia," mtoto akasema.

"Warigia wa nani?"

Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona pale kwenye pazia. "Wa Monicah."

"Wa Monicah," Mama akaitikia. Akainua mkono wake mwenyewe juu, kama wazee wengine walivyoinua walipotajiwa majina yao, na akaushikilia hapo, na makofi yakavuma.

Kisha akawageukia wanawake wake wa vitambaa vyeupe. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu, ili majirani wajue nyumbani kumeingia nani. Wangu alipozaliwa nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kupanga na jirani aliyeniletea uji, na hakikupigwa hata kimoja. Mama aliweka kiganja mdomoni. Alipiga cha kwanza yeye mwenyewe, kirefu, chembamba, kisicho na haya, na mle ndani ya kanisa la mawe kilipanda hadi kwenye mabati na kukaa huko. Wanawake wakamwelewa. Cha pili walipiga wote. Nikaachia pazia nikatoka mbele, nikaenda nikasimama kati ya mama yangu na mwanangu, na cha tatu nilikipiga nao, nikilia, sauti ikinikatika njiani, huku Ruring'u nzima ikiambiwa kwamba kwa Monicah amezaliwa msichana.